Mazoezi ya Kwenda Kujifungua

Mwezi wa mwisho wa mimba yangu ya tatu, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, vitu viwili tu katika nyumba yetu ndivyo vilivyonikubali: sandali za mume wangu na kiti cha plastiki kisicho na mikono. Viatu vyangu vyote vilikuwa vimeikataa miguu. Vifundo vilikuwa vimetoweka, mguu ukashuka kutoka gotini hadi kidoleni bila kituo, kama nguzo ya stima.

Kulala chali sikuweza, kwa sababu ya kiungulia. Kulala ubavu niliweza, lakini kugeuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kulikuwa kazi ya lori la mchanga kwenye njia nyembamba: kwanza mbele kidogo, halafu nyuma, halafu mbele tena, huku mtu akikuongoza kwa nje. Mume wangu alikuwa akiongoza akiwa usingizini. "Leta, leta, leta... hapo," alikuwa akisema, na kuendelea kukoroma.

Kanisani niliweka kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, maana mapaja yalikuwa yameshamezwa. Mhubiri alipofika kwa wale wanaopiga wenzao mateke kwa siri, kitabu kiliruka kikaanguka kwenye kiti cha mbele. Mzee aliyeketi hapo alikiokota, akanirudishia bila kugeuka, akasema, "Huyo amekubali neno."

Mimi ni fundi wa umeme. Sikufundishwa na chuo. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, kwa kuuliza, na kwa kuunguza vitu vichache ambavyo bahati nzuri vilikuwa vyangu. Katika kazi hiyo niko na sheria moja: siwashi laini ambayo sijaipima. Mteja anaweza kuniapia kwamba waya ni nzima. Mimi huchomeka testa kwanza.

Ndiyo maana niliamua kwamba safari ya kwenda kujifungua lazima ipimwe.

Sikuwa na wasiwasi wa bure. Mtoto wetu wa pili alizaliwa ndani ya gari lililokwama kwenye matope, nyumba yetu ikionekana nyuma na mnara wa simu wa mjini ukionekana mbele. Alitoka salama. Lakini baada yake damu ilikataa kukoma, na nilipofikishwa hospitali nilikuwa sijui hata ninaitwa nani. Safari hii daktari wa kliniki aliniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Wewe, uchungu ukianza usisubiri kitu. Usioge, usipike, usiage mtu. Njoo." Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja tu: je, tunaweza kutoka mlango wetu hadi mlango wa hospitali bila kukwama?

Sehemu yetu ya Kitengela ni ya udongo mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza bunda la funguo. Mvua ikinyesha unakuwa gundi. Kutoka kwetu kuna njia mbili. Ya juu inapita machimbo ya mawe; ni ndefu, lakini ina changarawe. Ya chini ni fupi, na ndiyo iliyonizalisha mara ile. Mpango wangu ulikuwa njia ya juu, iwe jua, iwe mvua. Gari lilikuwa pikapu ya mume wangu, mzee mwenye roho nzuri na nyaya nilizozifunga mimi mwenyewe. Namaanisha pikapu.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kitui kunisaidia, akiwa na unga wa wimbi, kuku wawili na msimamo. Aliposikia neno mazoezi alijishika kiuno.

"Mwiitu, binti yangu, uchungu haufanyiwi mazoezi. Mtoto haitwi kabla hajafika. Atadhani tunamfukuza."

"Mama, si mtoto tunayempima. Tunapima gari."

"Basi gari liende peke yake."

Alikubali tu nilipompa kazi. Angefunga mlango, angebeba chupa ya uji, na angekaa nami kiti cha nyuma. Alianza kuilinda kazi hiyo kama cheo.

Mtu wa tatu katika mpango alikuwa jirani yetu, mama wa Kimaasai ambaye boma lao liko pale njia ya juu inapokutana na malisho. Ng'ombe wao huvuka hapo mchana kutwa, na ng'ombe wa mtu anayejiheshimu havuki kwa haraka. Nilimwomba kwamba tukipiga honi mara mbili, azuie ng'ombe. Alikubali, lakini alikuwa na neno.

"Sopa, yeiyo," nilimsalimu mama huyo siku hiyo kwa Kimaa, lugha yao.

"Epa. Unakula nini siku hizi?"

"Kile mama ananipa."

"Acha. Mwezi wa mwisho mwanamke hali hivyo. Ng'ombe akinona sana kabla ya kuzaa, ndama anavutwa kwa kamba. Unataka kamba?"

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga karibu, hakuinua kichwa. "Kwetu mwanamke asipokula, anasukuma mtoto na nini? Na hewa?"

Tangu siku hiyo sahani yangu ikawa mpaka wa nchi mbili. Mmoja aliongeza, mwingine alikuja na kikombe cha supu chungu ya mizizi akisema hiyo inatosha. Nesi wa kliniki aliniambia nile kidogo kidogo, mara nyingi. Nilifuata shauri la nesi, lakini kila mmoja wao nilimwacha aamini kwamba ameshinda. Supu nilikunywa mbele ya jirani. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, nilikula mbele ya mama. Kiungulia nilikipata peke yangu.

Mazoezi ya kwanza tulifanya mchana wa jua. Niliketi kwenye kiti changu, nikashika tumbo, nikatangaza: "Twende. Hii si mchezo, ni ya kweli." Nilikuwa nimeamua kwamba kila mazoezi yataanza kwa maneno hayo, maana watu wakijua ni mazoezi hutembea kama wanaenda kununua chumvi. Mume wangu aliruka. Alichukua mfuko wa nguo za mtoto, akautupa ndani ya pikapu, akawasha taa kama nilivyomfundisha ili magari mengine yatupishe, na akaondoka. Mama mkwe alifunga mlango. Tulibaki sote wawili uani, yeye na chupa ya uji, mimi na mimba.

Alirudi baada ya kufika machimboni. "Nilikuwa nakuongelesha," alisema. "Nikaona umenyamaza, nikasema leo amenipa amani."

Nilimweleza, kwa utulivu, kipi kilikosekana ndani ya gari.

Mazoezi ya pili alinikumbuka mimi, akasahau kadi ya kliniki. Ya tatu alikumbuka vyote, ila aliendesha kwa gia ya pili hadi lami, injini ikilia kama ndiyo iliyo na uchungu. Kila safari nilimkosoa kutoka kiti cha nyuma: punguza, ongeza, pita kulia, hilo ni jiwe, gia, gia. Hospitalini tuligeukia mlangoni, na nesi mmoja aliyekuwa akitupokea kliniki alitoka kutuangalia, mikono mfukoni.

"Leo pia ni mazoezi?"

"Leo pia."

"Mnaendelea vizuri," alisema. "Karibu mpewe cheti."

Mama mkwe, aliyekuwa hataki mambo haya, sasa ndiye aliyelalamika kwamba sipigi kelele za kutosha. "Hapo ulipaswa kulia. Tumepita bonde kubwa na hukulia." Nikalia. Jirani, akiwa amesimama mbele ya ng'ombe wake na fimbo, alicheka hadi shanga zikacheza shingoni. "Unalia kama mbuzi wa mnada! Rudia!"

Kufikia mazoezi ya tano, maneno "ni ya kweli" yalikuwa yamechakaa kama noti ya shilingi hamsini. Mimi sikuona. Niliona tu kwamba laini yangu inapitisha moto vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho.

Halafu ikaja Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na baada ya chakula cha mchana ilikuwa bado inadondoka. Mama mkwe alikuwa hajavua sare yake ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Jirani alikuwa amekuja kutuletea maziwa na alikuwa akinywa chai. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Kiuno kilishikwa kutoka nyuma hadi mbele, kama mtu anayekaza mkanda wa mzigo, kikaachiliwa. Nikasubiri. Kikashikwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Twende," nikasema. "Hii si mchezo, ni ya kweli."

Mume wangu alipuliza chai yake. "Na mvua hii?"

"Ndiyo," akasema mama mkwe, "lazima tujue kama gari linaweza na mvua." Akainuka kwenda kujaza uji, polepole, akichagua kifuniko.

Jirani alisema kama tunaenda mjini, basi na yeye atapanda, sukari imeisha bomani. Mume wangu alikumbuka kwamba hata gesi imeisha, akaenda jikoni akaja amebeba mtungi. Nilitaka kuwaambia kwamba daktari alisema nisisubiri kitu, seuze mtungi. Lakini mkanda ulikazwa tena, na nilipopata pumzi nilikuwa nimeshaingizwa kiti cha nyuma, katikati ya mama mkwe na jirani, mtungi ukigonga nyuma.

Duka la gesi liko upande wa njia ya chini. Pale njia zinapogawanyika mume wangu alikata kushoto, akaanza kuteremka kwenye udongo mweusi. Niliona. Niliyajua matope yale moja moja. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni yamepangwa, lakini hayakutoka. Nilishika goti la mama mkwe.

Gari lilitambaa kidogo, likateleza, likasimama. Magurudumu yakazunguka bure. Mume wangu alizima redio na kuinua mabega, kama mtu anayengoja mvua ya mawe. Haikunyesha. Akaangalia kwenye kioo.

"Mama watoto."

Kimya.

"Nimepita njia ya chini."

Kimya.

"Na gia ya pili."

Akageuka mzima mzima. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mama," alimwambia mamake, "hajanikosoa tangu tutoke nyumbani."

Mama mkwe aliniangalia usoni, akaangalia mkono wangu uliokuwa umelifinya goti lake. "Uuui," akasema, sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa: "Wewe, itupe hiyo gesi nje!"

Kilichofuata nilikisikia zaidi kuliko nilivyokiona. Mtungi ulianguka kwenye matope. Milango ilifunguka. Mama mkwe na sare yake nyeupe, jirani na shuka yake nyekundu, walikwenda nyuma ya gari wakainama bega kwa bega.

"Sukuma na ile supu yako!" akasema mama mkwe.

"Sukuma na ile muthokoi yako!" akasema jirani.

Pikapu ilikohoa, ikapiga mateke, ikatoka. Ilirudi kinyumenyume hadi njia panda, wao wakiikimbilia, wakajitupa nyuma kwenye sehemu ya mizigo maana hawakuwa na hali ya kuketi kwenye viti. Tukashika njia ya juu. Na pale kwenye malisho, kama kawaida, ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani. Mume wangu alipiga honi mara mbili. Hakuna mtu aliyetoka kuwazuia, kwa sababu aliyepaswa kuwazuia tulikuwa tumembeba. Nilimsikia akigonga juu ya kibanda cha gari na kuwafokea kwa Kimaa, na sijawahi kusikia mtu akiwatukana ng'ombe wake mwenyewe kwa uchungu namna ile. Njia ikafunguka.

Hospitalini nesi yule yule alitoka, mikono mfukoni. Akawaona wanawake wawili wa udongo wakishuka nyuma.

"Leo mmeongeza waigizaji?"

"Hajasema neno," mume wangu alimwambia, karibu kulia. "Njia yote. Hata gia."

Nesi alitoa mikono mfukoni na kuita kiti cha magurudumu.

Mtoto alikuja kabla nguo za mama mkwe hazijakauka. Ni msichana, si mkubwa, si mdogo, na kwa hiyo hadi leo mizizi na muthokoi hazijapata mshindi. Damu ilikuja tena kama mara ile. Lakini mara hii ilikuta watu wakiingoja: sindano tayari, dripu tayari, daktari wa miwani amesimama juu yangu akihesabu mapigo. Nilisikia akisema, "Bado. Bado. Sasa," na dari ikaacha kuzunguka.

Mume wangu alipoingia, viatu vyake viliacha nyayo nyeusi hadi kitandani. Alimwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu, akiogopa kuuliza. Kuna kitu nilikuwa nimekiona tukifika, na nilikuwa nimekibeba kichwani muda wote huo bila nguvu ya kukisema.

"Taa za gari," nikasema. "Hukuzima. Betri itakufa."

Alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika. Kisha akaenda mlangoni, akafungua kidogo, na nikamsikia akiwaambia waliokuwa kwenye benchi la nje:

"Amepona. Amenigombeza."

Nje kukapigwa vigelegele, vya Kitui na vya Kimaasai pamoja, hadi nesi akawanyamazisha. Halafu sauti ya mama mkwe ikauliza nimemgombeza nini, akaelezwa, na wote watatu wakatoka kwenda kusukuma gari.