Mwenyekiti Hajawahi Kusimama

Pale Kolo ukimuulizia Mzee Mbwana utaulizwa yupi, maana akina Mbwana wapo wengi. Ukisema Mbwana Mchina, hata mtu aliyefika jana atakuonyesha nyumba. Jina hilo alilipata kihalali. Mwaka 1972, akiwa na miaka ishirini na moja, alipelekwa Beijing kusomea ishara za treni kwa ajili ya reli iliyokuwa ikijengwa kwenda Zambia. Alikaa huko miaka mitatu. Tangu arudi imepita nusu karne, amestaafu reli, meno yamepungua, na bado hajamaliza kusimulia.

China ya Mzee Mbwana ni ileile aliyoiacha. Watu wote wamevaa koti la bluu, wote wanapanda baiskeli, na hakuna anayemzidi mwenzake hata kijiko. Ukimwambia kuwa siku hizi Wachina wana magari ya kifahari, anakutazama kwa huruma, kama mtu aliyedanganywa mchana kweupe. Simu yake, tochi yake na pikipiki ya mwanawe zote zimetoka huko, lakini hazijamshawishi.

Kutoka huko hakurudi na mali. Alirudi na koti moja na desturi moja, na hiyo desturi ndiyo iliyowatoa jasho watu wa nyumba yake: kikao cha kujikosoa. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mikeka hutandikwa uani. Kila mtu mzima husimama kwa zamu, mikono chini, akataja kosa lake la wiki. Wengine humwongezea aliyoyasahau, kisha makofi hupigwa. Mwenyekiti ni Mzee Mbwana. Mwenyekiti hajikosoi kwa sababu anaongoza kikao. Utaratibu huo aliuweka mwenyewe na hakuna aliyeupigia kura.

Watu walizoea. Hamida, mke wa Nurdini, mtoto mkubwa wa mzee, alikuwa na makosa matatu aliyoyazungusha: kuunguza ugali, kuchelewa kisimani, na kumsengenya jirani. Mwezi uliopita aliunguza ugali mara mbili, na nyumba nzima inajua kuwa Hamida hajaunguza ugali tangu aolewe. Bi Mwamvua, mke wa mzee, alikiri kila mara kuwa anapenda kusinzia. Kosa lake la kweli hakulitaja. Kila mwezi aliaga kwamba anakwenda Chemba kwa daktari wa macho, na macho yenyewe yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Chemba ndiko alikokuwa Abubakari, mtoto wao wa mwisho. Miaka sita iliyopita alimuoa Emiliana, binti wa Kisandawe, Mkristo, bila kushauriana na baba yake. Mzee akamsimamisha kikaoni. Alisema tatizo si dini, tatizo ni utaratibu.

"Baba, kosa silioni," alisema Abubakari.

Basi mzee akawageukia wengine, akataka kila mmoja asimame amkosoe. Wakasimama mmoja mmoja, kaka yake, shemeji yake, mpaka mama yake mzazi, ambaye alisema maneno mawili akakaa na kujifunika kanga usoni. Makofi yakapigwa. Asubuhi yake Abubakari aliondoka na begi lake. Sasa ana watoto watatu na mashine ya kukamua alizeti, na baba yake hajaviona vyote viwili. Mzee husema yeye hakumfukuza mtu, anamsubiri tu amalizie kujikosoa. Lakini kila Idi ikifika hukaa barazani tangu asubuhi, anatazama barabara ya Chemba, na chakula hakipiti. Alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe mpaka inauma, ila mdomo ulikuwa mzito.

Mwaka huu ikaja kampuni ya kuchimba visima, na pamoja na mitambo akaja injinia Mchina, msichana anayeitwa Lin, anayezungumza Kiswahili alichosomea chuo kikuu kwao. Siku hiyohiyo kijiji kizima kilimsindikiza kwa Mzee Mbwana, kama vile amepotea na mwenyewe kapatikana. Mzee akavaa koti lake, ambalo siku hizi linafungika kifungo cha shingoni tu, akamwaga Kichina chake chote kwa pumzi moja.

Lin alicheka kwa mikono miwili mdomoni. "Shikamoo, babu. Unazungumza kama tangazo la redio la zamani."

Mzee akaipokea kama sifa, na akamwalika kikao cha Ijumaa. Alitaka watu wake waone, kwa mara moja tu, kwamba aliyoyasimulia hakuyatunga.

Ijumaa ikafika. Hamida akaunguza ugali. Nurdini akakiri kumkaripia punda. Bi Mwamvua alisinzia. Makofi, makofi. Mzee akamgeukia mgeni, uso unang'aa.

"Unaona? Hii tumeitoa kwenu."

Lin hakupiga makofi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Babu, ulijifunzia wapi?"

Mzee akasimulia kwa furaha. Walikuwa na mwalimu wao wa ishara, Mwalimu Chen, msomi hasa. Siku moja alisimama mbele ya darasa akasema amekosa, kwa sababu nyumbani kwake alikuwa ameficha michoro ya zamani ya baba yake, mambo ya mabwana wa kale. Wanafunzi walipiga makofi, na Mbwana alipiga kuliko wote. Alipenda kumwona mtu mkubwa, na elimu yake yote, akikubali kosa mbele za watu. Mikono ya mwalimu ilikuwa inatetemeka.

"Baridi ya kule si mchezo," alimalizia mzee.

"Haikuwa baridi, babu," alisema Lin.

Akaeleza taratibu, akitafuta maneno. Vikao kama hivyo vilipopamba moto kwao, babu yake mzaa baba alikuwa na miaka kumi na sita. Shuleni waliambiwa wataje wenye mawazo ya zamani, naye akamtaja baba yake, aliyekuwa anatunza kitabu cha majina ya ukoo wao. Baba mtu akasimamishwa mbele ya mtaa mzima, majirani wakasema mmoja mmoja, mtoto wake naye akasema. Kitabu kikachomwa moto. Baba na mwana wakaishi nyumba moja miaka kumi na moja, wanakula meza moja, bila kusemezana hata neno.

"Siku hizi mji wetu una maghorofa na treni za kasi," alisema Lin. "Wazee wa mtaa wanacheza karata pamoja, na hakuna anayemuuliza mwenzake alisema nini siku ile. Babu kila mwezi wa nne anakwenda kufagia kaburi la baba yake. Anaongea naye huko mpaka jua linazama."

Mzee alifungua kile kifungo kimoja cha koti. Akasema kikao kimeahirishwa, jambo ambalo halijatokea tangu kianze.

Kesho yake alfajiri alimwambia mkewe, "Mama Nurdini, vaa. Nipeleke kwa daktari wako wa macho."

Bi Mwamvua alikuwa ameshavaa.

Walipofika Chemba watoto watatu walimrukia bibi yao kwa kelele, na mdogo akaenda moja kwa moja kukagua mkoba wake. Mzee aliona jinsi mkewe alivyojua kigoda kiko wapi na mtungi wa maji uko wapi. Angekuwa na nafasi angelitaja kosa hilo la mkewe lenye miaka sita, lakini Abubakari alikuwa ametokea mlangoni mwa chumba cha mashine, mikono imelowa mafuta, na nyuma yake wakulima wanne na magunia yao ya alizeti. Emiliana akaja mbio na kiti.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae," alisema akikiweka chini.

"Marahaba, mwanangu. Sikai mpaka niseme."

Akasimama mbele ya wale wakulima wasiomjua, mikono chini, miguu imebanana, kama alivyowasimamisha wenzake kwa miaka mingi. Hakujua kwamba kusimama hivyo kunaogopesha kiasi hicho.

"Mimi Mbwana," alianza, "nimekosa. Mwanangu nilim..."

Abubakari alikwishavuka uwanja. Alimshika baba yake mabega kwa ile mikono ya mafuta, akamkalisha kitini polepole.

"Kaa, baba," alisema. "Hapa kwangu hatumsimamishi mtu."