Futikamba Chini ya Gari

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana nikisubiri wengine wanisifu nitazeeka bure. Nimeendesha gari miaka thelathini na moja na sijagonga hata kuku. Mbuzi mmoja alinigonga mimi, lakini hiyo ni kesi yake. Gari langu ni saluni ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, na mlango wake mmoja unafunguka ukiubembeleza tu. Mtu mmoja duniani aliwahi kuniambia kwamba silijui gari hilo nikanyamaza, naye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ndiye ninayemwandika hapa. Mkiona najiingiza mno katika habari zake, mnivumilie.

Gereji wanamwita Futikamba. Yeye aliishia darasa la saba, mimi la sita, na hilo darasa moja alilonizidi hajawahi kulisahau. Shangazi yake alimfundisha cherehani, akashona sare za shule, kisha akahamia kushona vitambaa vya viti vya magari nje ya lango la gereji. Humo ndani alikuwamo mzee mmoja, fundi wa chini ya gari, aliyeshinda shimoni mpaka kiuno kikamgomea. Siku moja mzee akamwita: "Binti, wewe mwembamba. Hebu ingia huko chini uniambie mpira wa kulia umechanika au bado." Akaingia. Mwaka wa kumi na mbili sasa, bado hajatoka.

Cherehani aliiacha, lakini futikamba alishuka nayo shimoni. Mpaka leo inaning'inia shingoni mwake, nyeusi kwa grisi. Gari likifika hashiki spana kwanza. Anapima pembe zote nne, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, na kuandika kwa chaki sakafuni. Mafundi wenzake walimcheka mwanzoni: "Unalishonea gauni?" Akawajibu, "Nalishonea suti. Nyie ndio mnaowatoa wateja na pensi." Baadaye walewale wakaanza kumletea magari yaliyowashinda, wakijifanya wanapita tu.

Mwaka jana mke wangu alipasuliwa mgongo. Daktari akasema kila wiki, kwa miezi mitatu, aende hospitali kufanyishwa mazoezi, la sivyo mguu wa kushoto utalala moja kwa moja. Njia ya hospitali ni kilomita kumi na nne, matuta kama ndugu waliofuatana na mashimo katikati yao. Gari langu lilikuwa likipita tuta moja linaruka mara tatu, na kwenye kona linalala ubavu kama mlevi anayetafuta ukuta. Mke wangu alilazwa kiti cha nyuma juu ya godoro. Safari ya kwanza alilia kimya kimya. Mimi namwona kwenye kioo, najifanya natazama barabara.

Nikasema hili nalimaliza mwenyewe. Mimi si mtoto! Nikatafuta springi za gari la mizigo, maana niliamini chuma kinene ndicho kinachotuliza gari. Nikanunua shokapu mpya na bushi mpya, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Nikalipandisha gari kwenye jeki, nikafunga kila kitu, nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lilipotua lilikuwa limeinuka kama jogoo. Nikawaita majirani walione.

Safari iliyofuata hata punje ya kokoto ilimfikia mke wangu mfupani. Wiki mbili baadaye bushi zikachanika na usukani ukaanza kutangatanga. Siku hiyo tuliporudi kutoka hospitali akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha, "Mume wangu, nimeamua. Siendi tena. Mguu ukitaka kulala, ulale."

Nikaenda kwa shemeji mkia katikati ya miguu. Akaingia chini, akakaa huko kama dakika tano.

"Shemeji, nani kafanya kazi hii?"

"Fundi mmoja hivi."

"Ana kitambi?"

"Kidogo."

"Na ujuaji?"

"Shemeji, fanya kazi."

Akatoka, akajifuta mikono. "Alikaza hizi bushi magurudumu yakiwa yananing'inia?"

"Ulitaka akaze likiwa wapi, mbinguni?"

"Haya. Suruali ya mteja, pindo unalipima akiwa amekaa au amesimama?"

"Amesimama."

"Kwa nini?"

"Akikaa, suruali inapanda."

"Basi wewe umelipima pindo gari likiwa linabembea. Ukilishusha, mikono inapanda, mpira unajisokota. Umeubana hapo, unashinda umesokotwa, unalala umesokotwa. Utaacha kuchanika?" Akagonga springi kwa spana. "Na hizi?"

"Za gari la mizigo. Imara."

"Dada yangu ni mzigo?"

Hapo ndipo niliponyamaza.

Siku tatu alilishughulikia. Akaniuliza dada yake ana kilo ngapi. Nikaanza, "Siku ya harusi..." akanikata, "Sikuulizi harusi." Akaweka mifuko ya mchanga juu ya godoro kiti cha nyuma, uzito wa dada yake kamili, akaniamuru nikae kwenye usukani. "Na usivute tumbo ndani, shemeji. Gari linalijua." Akapima. Upande wangu ulikuwa umeshuka upana wa kidole gumba. Mafundi wote waliowahi kulipima walilipima tupu, ila yeye alitaka kulijua likiwa na watu wake.

Akafunga springi ngumu kidogo kuliko za kiwandani, lakini laini kuliko ushujaa wangu, na shokapu zinazoendana nazo. "Springi inabeba," alisema, "shokapu ndiyo inayosema basi." Kile chuma cha mbele kinachozuia gari lisilale kwenye kona akakibadilisha, akaweka kinene zaidi. Bushi mpya alizifunga bila kuzibana. Akalisukuma gari mpaka juu ya shimo, likasimama kwa magurudumu yake, mimi na mchanga ndani, akalikandamiza mbele na nyuma mpaka likatulia. Ndipo akashuka na spana kukaza nati za mwisho. Akamalizia kwa kuvuta uzi ubavuni, huku na huku, kuona kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa.

Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Akaufumba kiganjani. "Wewe lala nyuma. Alipolala dada."

Akatoa mifuko, nikajikunja juu ya godoro, mtu mzima mimi, tukashika njia ya hospitali. Sikuwahi kulala kwenye gari langu. Ukiwa pale huoni barabara. Unaona dari tu, na kila kitu kinakujia bila hodi. Nikafikiria zile safari zake na breki zangu za kushtukiza, nikaona aibu ambayo sijawahi kuisimulia popote. Tukafika kwenye matuta. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Mara moja tu. Kwenye kona nilisubiri kubingirika, sikubingirika.

"Umelala, shemeji?"

"Nasali," nikamwambia, na haukuwa mzaha.

Mke wangu alikubali kwa masharti. "Nakwenda mara moja, kwa ajili ya mdogo wangu. Siyo kwa ajili yako." Nikaendesha kama nimebeba mayai ya watu. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikadhani amezimia.

"Mama, uko hai?"

"Kwani matuta tumeshayapita?"

"Tumeyapita yote."

"Sasa mbona unatambaa? Ongeza mwendo, tutachelewa."

Alikwenda wiki zote zilizobaki, hakukosa hata moja. Leo anatembea. Ana fimbo, lakini kazi yake kubwa ni kuninyooshea mimi. Asubuhi nikimsikia akivuka ukumbi kwa miguu yake miwili, huwa najifanya bado nimelala ili nimsikilize mpaka afike jikoni.

Nilirudi gereji kushukuru. Nikainama shimoni, nikasema, "Ahsante, shemeji."

Sauti ikatoka chini: "Sema kwa nguvu, wenzangu hawajasikia."

Nikasimama katikati ya gereji, mbele ya mafundi wote, nikasema kwa nguvu. Na sasa nimeandika, wasiokuwepo siku ile wasome.