Maziwa Yaliyokataliwa Kituoni

Efrazia wa Gare hakuwa mtu wa kutupa kitu. Maganda ya viazi aliwapa sungura, na maziwa yaliyokataliwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa akawapa ndama. Tangu mumewe afariki, ng'ombe watatu wa bandani ndio waliokuwa sababu yake ya kuamka.

Mmoja wao alikuwa na ugonjwa wa kiwele usioisha. Kila ulipomrudia, Efrazia alinunua dawa dukani akamchoma sindano mwenyewe, kama alivyomwona marehemu akifanya. Maziwa yenye dawa hayapokelewi, hilo alilijua. Lakini ndama si mtu, alijiambia, atakunywa tu. Yaliyozidi alimpelekea jirani yake Mwanaheri, ambaye ng'ombe wake alizaa akawa hana maziwa ya kutosha.

Mwezi wa tano, ndama wa kwanza alianza kuhara akiwa na siku nne. Efrazia akamchoma dawa ileile. Siku ya tatu akafa, macho yameingia ndani. Mwezi wa saba akafa wa pili. Alipoanza kuhara wa tatu, jike mwenye doa jeupe usoni, alimwita bwana mifugo, kijana aitwaye Hassani.

"Shikamoo mama. Umemchoma nini?"

Alimwonyesha chupa. Hassani akachukua kinyesi kidogo cha kupeleka maabara, kisha akaomba ndoo ya kunyweshea. Alipitisha kidole chini ya ukingo, kikatoka na utando wa njano unaoteleza.

"Unaiosha na nini?"

"Naisuuza kila siku, mwanangu. Maji ya mfereji."

"Baridi? Bila sabuni?"

Efrazia aliipokea ndoo, naye akapitisha kidole chini ya ukingo.

Ndama alikufa kabla majibu hayajarudi. Hassani aliyaleta mwenyewe, akakaa kibarazani. Vijidudu vilivyokutwa kwenye kinyesi havikufa kwa dawa ya Efrazia, wala kwa nyingine tatu.

"Vilikuwa vinaonja dawa kidogo kidogo kwenye maziwa," alisema. "Vidhaifu vikafa, vigumu vikabaki, vikazaana tumboni na kwenye ndoo. Vikimwingia mtu, naye dawa hazitamponya."

"Kwa hiyo ni mimi."

Hassani alitazama chini. "Hukuambiwa, mama."

Hapo Efrazia akamkumbuka ndama wa Mwanaheri, aliyekufa mwezi uliopita. Siku ya kwenda kumpa pole alikuwa amebeba chupa nyingine ya maziwa.

Alipanda mlima kwenda kwa jirani yake saa ileile. Mwanaheri alikuwa akikata majani ya Guatemala ya kulisha ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanaheri, ndama wako nimemuua mimi."

Akamweleza yote. Mwanaheri alisikiliza, panga limening'inia mkononi.

"Mwanangu Rahma hunywa maziwa hayo," alisema mwishowe. "Anayachota kwenye ndoo nikigeuka. Ana homa na tumbo tangu Jumapili."

Walimpeleka hospitali siku hiyohiyo, Efrazia akimbeba mgongoni kwenye mteremko. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, mwepesi mno. Efrazia aliwaambia madaktari kila kitu, hata jina la dawa. Dawa mbili za kwanza walizompa Rahma hazikumsaidia. Ya tatu ilishusha homa siku ya nane.

Rahma alirudi nyumbani amekonda, miguu haina nguvu. Mwanaheri hakumlaumu Efrazia kwa neno. Humwamkia akikutana naye njiani, kisha hupita.

Siku hizi Efrazia huchemsha maji, huosha ndoo kwa sabuni na kuianika juani. Ndama aliyezaliwa juzi alipewa maziwa ya kwanza ya mama yake kabla ya saa moja kupita. Anasimama. Efrazia bado hajampa jina.