Alichosema Fundi Viatu Kaburini

Kwa miaka kumi na tisa, mkalimani wa mahakama alilipwa kusema maneno ya watu wengine. Mchana alikuwa akikiri wizi wa baiskeli na kudai talaka isiyo yake; jioni akirudi chumbani kwake kula peke yake. Mumewe alishatangulia. Aliobaki nao ni dada yake mkubwa na waumini wenzake.

Siku moja alishtakiwa fundi viatu. Alipokuwa akimzika mkewe alipaza sauti kwa lugha ya kwao, na mtu akamrekodi kwa simu. Polisi waliandika kwamba alimwita Mungu mwongo, kwa nia ya kuumiza imani za watu.

Waumini walikasirika, na kabla ya kesi kusikilizwa dada yake mkalimani akamjia. "Mdogo wangu, wewe tafsiri kama polisi walivyoandika. Nani atakulaumu?"

"Nilikula kiapo, dada."

"Haya. Lakini sisi ndio tutakaokuzika, si hakimu."

Mahakama ilifurika. Sauti ya fundi ilipochezwa, hakimu alimgeukia mkalimani. "Neno kwa neno, mama. Usiongeze, usipunguze."

Mkalimani akasema, "Mheshimiwa, anasema, 'Umenivunja moyo.' Si kumwita mtu mwongo. Ni neno la kumwambia unayempenda. Mama yangu alimwambia baba hivyohivyo."

Hakimu akaamua kwamba watu kuudhika peke yake hakutoshi. Sheria inataka nia ya kuumiza, na mfiwa huyu alikuwa akimlalamikia Mungu wake. Fundi aliachiwa. Akatoka kichwa chini bila kumtazama mkalimani, na wiki ileile akahama na vifaa vyake.

Lawama zikamwangukia aliyebaki. Kwenye ibada, wanawake wa safu yake walihamia nyuma mmoja mmoja. Dada akawa hapokei simu.

"Siku hizi najinafasi, benchi zima langu," alimwambia karani wa mahakama. Karani akacheka. Yeye akainamia faili, asione herufi hata moja.

Miezi minne baadaye dada alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani.

"Kweli yule fundi alisema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Dada akaaga bila kugusa chai. Tangu hapo simu anapokea. Wanajuliana hali, wanaulizana magoti yanaendeleaje, kisha kila mmoja anasubiri mwenzake aage.