Kaya ya Kibarazani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa ndani ya stoo ya mafaili. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha ustawi wa jamii, nimevaa sketi mpya ya kijivu, nikaripoti kwa Afisa Ustawi wa wilaya niliyopangiwa, mama mmoja wa Kipare asiyependa kupoteza maneno. Alinifungulia stoo, akasema, "Soma. Saa tisa nitakufungulia, uniambie umeona nini." Akaondoka na ufunguo.

Saa tisa nikamwambia nimeona ndoa zilizovunjika, watoto waliotelekezwa, wazee wasio na wa kuwatunza. Akanitazama juu ya miwani.

"Hayo kila mtu anayaona. Hukuona kwamba hakuna faili hata moja linalosema watu hao wanajua kufanya nini? Tumeandika walichokosa tu."

Tangu siku hiyo, kila taarifa ya uchunguzi wa kijamii niliyoandika, yaani ile ripoti ya kueleza mtu ni nani, anaishi na nani na tatizo lake limeanzia wapi, niliiongezea mstari mmoja chini: anachokiweza. Wakubwa wengine waliufuta. Niliendelea kuuandika.

Watu wengi hudhani kazi ya afisa ustawi ni kugawa mablanketi. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa ni kutembea na kuuliza. Kulikuwa na ziara ya nyumbani, ambapo unamfuata mtu anapoishi badala ya kumsubiri ofisini, maana mtu akiwa ofisini husema anachodhani unataka kusikia. Kulikuwa na kuunganisha familia, yaani kumtafutia mtu aliyepotea ndugu zake na kupima kama wanaweza kuishi pamoja tena. Hii nilifundishwa na mkubwa wangu wa pili, huko Arumeru nilikohamishiwa baadaye. Alikuwa mzee mpole, Mkristo wa kanisani kila siku, lakini alikuwa na sheria moja kali: usimrudishe mtu nyumbani kabla ya kufika wewe mwenyewe kwanza. "Nenda ukaone atalala wapi," alikuwa akisema. "Ndugu wanaweza kukubali kwa mdomo, na kitanda hakuna."

Arumeru nilikuwa karibu na kwetu. Mimi ni Mmeru, nimezaliwa kwenye migomba ya mlimani, na lugha ya nyumbani ilinisaidia sana. Kisha nikahamishiwa Arusha mjini, na huko ndiko nilikokaa hadi kustaafu. Nataka kueleza jambo moja tu la mjini, kwa sababu ndilo ninalolifikiria zaidi sasa, na kwa sababu sikulifanya vizuri kama nilivyodhani wakati ule.

Nyuma ya soko kulikuwa na safu ya maduka ya zamani, ya mawe na mabati, yenye kibaraza kirefu mbele. Mwekezaji alizinunua nyumba zile ili zibomolewe na lijengwe jengo la ghorofa. Katika makubaliano, mradi uliahidi kwamba kila kaya itakayokutwa ikiishi pale itapewa chumba katika nyumba zilizojengwa Terrat, pembezoni mwa mji. Nikaazimwa kwenye timu ya mradi nifanye uandikishaji. Nilipewa kishikwambi chenye dodoso ndani yake: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, na swali la umiliki lenye majibu matatu ya kuchagua. Mmiliki. Mpangaji. Ndugu wa mmiliki.

Kibarazani, mbele ya duka lililokuwa la vitambaa, walikuwa wakiishi watu watatu. Mzee Loishiye alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mrefu, mwenye shuka lililofuliwa mpaka rangi ikaondoka. Alikuwa amelinda duka lile miaka mingi. Mwenye duka alipofariki, warithi walifunga mlango na kuondoka, na mzee akabaki analinda mlango uliofungwa. Mama Aikande alikuwa mjane kutoka Machame. Shemeji zake walimtoa kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mumewe, akashuka mjini akawa anauza ndizi za kuchoma. Wa tatu ni Samweli, mtu wa makamo asiyependa maswali, fundi wa kutengeneza miavuli na zipu.

Nilimuuliza Mhandisi wa Mradi niwaandike wapi. Alikuwa kijana mwenye adabu, hata kwenye vumbi la saiti alinisalimia kwanza.

"Shikamoo, mama. Hao hawaishi ndani."

"Marahaba. Wanaishi hapa lakini."

"Dodoso linasema kaya, mama. Kibaraza si nyumba."

Nikarudi ofisini kwa mkubwa wangu wa wakati huo, Mkuu wa Idara, mtu mwangalifu aliyebakiza miezi michache kustaafu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Bi. Kaaya, usinianzishie vita. Andika wenye milango."

Usiku ule sikuwaza kitu kingine, na asubuhi nikafungua mwongozo wa uandikishaji. Ukurasa wa maelezo ulisema kaya ni watu wanaoishi mahali pamoja na kula pamoja. Haukutaja ukuta. Haukutaja mlango.

Mchana nikaenda kibarazani na kukaa. Mama Aikande alikuwa na sufuria moja juu ya jiko la mkaa. Samweli alileta maharage, mzee alileta maji. Ugali ulipoiva, Mama Aikande alimpakulia mzee kwanza, kisha Samweli, yeye mwenyewe mwisho, wala hakuna aliyekuwa anafikiri juu ya mpangilio ule. Nikatoa kishikwambi.

"Nani mkuu wa kaya?"

Walitazamana.

"Andika mama," akasema Mzee Loishiye. "Mimi ni mlinzi tu."

"Mzee mzima upo hapa, mimi niwe mkuu?" Mama Aikande akacheka. "Nitalaaniwa. Andika mzee."

Samweli aliendelea kula. Nikamwandika mzee. Penye umiliki nikabonyeza "Mpangaji", kwa kukosa jibu la karibu zaidi, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika ukweli: wanaishi kibarazani, wanapika na kula pamoja, na kila mmoja anachokiweza. Nikatuma.

Mkuu wa Idara aliniita kesho yake. Sauti yake ilikuwa chini, na mimi nilimwogopa zaidi akiwa hivyo.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niandike wenye milango, mkuu. Lakini mwongozo tumepewa na mradi wenyewe, na tumeambiwa tuufuate. Kama maana ya kaya imebadilika, naomba nipewe kwa maandishi."

Aliuchukua mwongozo, akausoma ule ukurasa. Nilijua anaweza kuniondoa kwenye timu, tena nilikuwa nimeshajiandaa. Mwishowe akasukuma mwongozo kuelekea kwangu. "Kwa maandishi hakuna atakayekupa," akasema. "Basi ibaki hiyo kaya yako."

Niliporudi kwangu Lemara nilikuwa nimejaa furaha. Nilijiona mjanja. Nilimsimulia mume wangu mara mbili.

Nyumba zilibomolewa kabla ya mvua za masika. Familia ya kibarazani ilipelekwa Terrat kwenye gari la mradi, pamoja na sufuria, godoro moja na kiboksi cha vyuma vya miavuli. Wiki tatu baadaye nikaenda kuwatembelea. Mzee Loishiye nilimkuta amekaa nje ya mlango, kwenye jua, amejifunika shuka lake.

"Mzee, mbona uko nje? Ndani vipi?"

"Ndani kuzuri. Mama amepaweka vizuri sana."

"Wewe unalala wapi?"

Akaonyesha sakafu ya nje, kando ya mlango.

Nikaelewa papo hapo. Niliandika kaya moja, na kaya moja ilipewa chumba kimoja. Kibarazani kila mtu alikuwa na upande wake na barabara nzima mbele yake. Ndani ya kuta nne, mzee wa Kiarusha hawezi kulala chumba kimoja na mwanamke asiye mke wake wala binti yake. Hakuniambia hivyo kwa maneno hayo. Alisema tu, "Mimi nimezoea kulinda."

Mama Aikande alirudi jioni kutoka mjini amechoka. Kutoka Terrat hadi sokoni ni mbali, ndizi zinafika zimekwishapoa. "Nimemwambia mzee aingie, mimi nilale nje," akasema. "Anakataa. Naona aibu, Mama Kaaya. Nina kitanda na yeye ana sakafu. Hata kibarazani hatukuwa hivi."

"Samweli yuko wapi?"

"Alilala hapa siku mbili. Akachukua kiboksi chake."

Nilirudi kwa Mhandisi kuomba chumba cha pili. Alinisikitikia kweli, akafungua orodha akanionyesha: kaya moja, mkuu wa kaya mmoja, sahihi yangu chini. Vyumba vyote vilishagawiwa.

Ilibaki njia moja tu, kuunganisha familia. Nilimuuliza mzee habari za kwao. Kwa siku kadhaa alizungumzia ng'ombe tu. Pole pole ikatoka kwamba ukame mmoja ulimaliza ng'ombe wa baba yao waliokuwa mikononi mwake, yeye akiwa kaka mkubwa. Akaja mjini kutafuta kazi ili arudi na ng'ombe wengine. Hakuwapata. Na kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo kurudi mikono mitupu kulivyozidi kuwa kugumu.

Kwa sheria ya yule mkubwa wangu wa Arumeru, nilikwenda peke yangu kwanza. Nilipanda upande ule mkavu wa mlima, nikaulizia kwenye kanisa la Kilutheri, nikaelekezwa boma. Mdogo wake alikuwa naye mzee sasa, anakamua ng'ombe. Nilipotaja jina la Loishiye aliacha maziwa yamwagike.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba."

"Sisi tulishamwombea kanisani kama marehemu." Akakaa chini. "Kwa nini hakuja?"

"Anasema ng'ombe wamekufa mikononi mwake."

"Ng'ombe wa watu wote walikufa ule mwaka!" Alikasirika hasa, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha kaka yake. "Wangu walikufa, wa jirani walikufa. Alifikiri mvua ilikuwa kazi yake?"

Nikamwomba anionyeshe mahali mzee atakapolala. Alishangaa, lakini akanionyesha: chumba cha kijana wake aliyeoa na kuhama, kitanda cha mbao, dirisha dogo. Nilikigusa kitanda kwa mkono. Nadhani alinidharau kidogo kwa hilo.

Mzee Loishiye alikataa mara mbili. Mara ya tatu ni Mama Aikande aliyesema naye, si mimi. Alimwambia, "Mimi nilifukuzwa kwetu, mzee. Wewe unaitwa. Usinichokoze." Tukaenda naye, mimi na Mama Aikande. Alipomwona mdogo wake alinyoosha mkono akamgusa kichwani, kama anavyoguswa mtoto anapomwamkia mkubwa wake, na yule mzee mwenye mvi akainamisha kichwa akaguswa. Mzee Loishiye aliishi pale misimu minne ya mvua. Habari za kifo chake nilizipata nimechelewa, nikaenda kuona kaburi lake kando ya boma.

Mama Aikande alikaa Terrat mwaka mmoja, kisha akamwachia chumba mjane mwingine na kupanga Sokon I, karibu na biashara. Anapenda kuniambia kwamba amehama mwenyewe, hakuhamishwa.

Samweli sikumpata. Faili lake nililiacha wazi mpaka siku ya makabidhiano, siku ambayo mstaafu huhesabu mafaili yake mbele ya anayempokea. Binti aliyenipokea alitaka kulifunga, kwa kuwa halikuwa na ziara mpya, na utaratibu ulikuwa upande wake. Nilimwomba asilifunge. Aliandika kitu kwenye jalada, sikuuliza nini.

Sasa mnaniuliza, ninyi mnaoanza kazi, nimejifunza nini. Jengo la ghorofa nalipita kila wiki. Ni zuri, lina maduka mengi, na wapo watu wamepata ajira mle. Sina sababu ya kulichukia. Najilaumu kwa kitu kidogo. Niliwauliza wale watu nani ni mkuu wa kaya, nikawauliza wangapi, nikawaandika wanachokiweza. Sikuwauliza kama wanataka kuwa kaya. Nilipata neno kwenye mwongozo, nikafurahia neno, nikawavisha. Lilikuwa neno zuri, wala silijutii lote, maana bila hilo wasingepata hata hicho chumba kimoja. Lakini swali lile lingenichukua dakika mbili.

Mwezi uliopita mwavuli wangu ulivunjika ubavu. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayekaa kando ya ukuta wa mabati wa saiti nyingine, ujenzi mwingine. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Na yeye alinitambua, ila alimaliza kwanza kunyoosha waya.

"Mama Kaaya. Bado uko ofisini?"

"Nimestaafu, Samweli."

Akatikisa kichwa, akasogeza ndoo aliyokuwa ameikalia, akaifuta vumbi, akanipa niikalie. Nikamwambia nilimtafuta sana. Akasema anajua, aliniona mara mbili, akajificha, maana hakutaka kupelekwa tena mahali. Akaujaribu mwavuli, ukafunguka, akaufunga.

"Na wewe unakaa wapi, mama?"

Swali lile nililiuliza maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mtu wa kibarazani aliyewahi kuniuliza mimi. Nikamweleza. Nikamwambia Lemara, ushuke njia ya kanisa, upite mashine ya kusaga, nyumba ina uzio wa michongoma na geti la kijani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanirudishia maelekezo moja moja kama mtu anayekusudia kufika.

Hakusema atakuja lini, na mimi sikumuuliza. Mchana geti siku hizi silifungi.