Nilitumwa kulinganisha matajiri wa Nachingwea na Ruangwa, nikamfukuza mwenye mali aende jikoni

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili jambo limenikaa kooni tangu msimu wa ufuta uliopita, leo nalitoa. Majina nimebadilisha, benki siitaji kwa sababu bado inanilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Moshi, mfanyakazi wa benki. Nilipangiwa tawi la Nachingwea nikaambiwa ni mwaka mmoja tu. Waliowahi kufanya kazi benki wacheke hapa, mimi nasubiri.

Wakati wa mkasa huu nilikuwa naingia mwaka wa nne. Mke wangu na binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kuanza darasa la kwanza, wanaishi Dar.

Siku hiyo ikaja barua pepe kutoka makao makuu. Kuna benki moja ya Ulaya, ile aina inayotunza mali za matajiri tu, imeingia ubia na sisi. Wanataka kujua matajiri wa mikoani wakoje na wapi pafunguliwe dawati lao. Kazi yenyewe inaitwa wealth management. Huku kusini wamechagua wilaya mbili zilinganishwe: Nachingwea na Ruangwa.

Wakuu, sijui nani alichagua. Nadhani alifumba macho akagusa ramani.

Ripoti ilitakiwa iwe ya Kiingereza, na pale tawini mwenye Kiingereza cha kujidai ni mimi. Meneja akaniita pembeni akaniambia, ukifanya vizuri, na ukapata mteja mmoja wa kusaini mbele ya wageni, unaenda kitengo kipya Dar.

Nikampigia mke wangu palepale. Akasema, "Mwambie mtoto mwenyewe." Nikamwambia binti yangu baba anarudi nyumbani. Hiyo ahadi ndiyo iliyoniponza.

Dodoso lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Je, mteja anamiliki boti ya starehe? Je, anakusanya kazi za sanaa? Je, familia ina makazi katika nchi zaidi ya moja?

Nilimuuliza mwalimu mkuu mmoja mstaafu pale Nachingwea kuhusu boti. Akafikiri kidogo, akauliza kama benki siku hizi inakopesha na boti.

Baada ya wiki mbili za vumbi nikaandika. Nachingwea niliiita soko lililokomaa. Maana yake walimu, manesi na watumishi ambao mshahara unafika ukiwa umeshakatwa, pamoja na wafanyabiashara ambao ukiwauliza mali zao wanaanza kulalamika mgongo.

Ruangwa nikaiita soko linaloibukia. Maana yake kila ukikaa mtu anakuonyesha jiwe la madini alilolitoa mfukoni, na gesti zimepandisha bei ya chai. Kwa Kiingereza ilipendeza sana, meneja aliisoma mara mbili.

Sasa mteja wa kusaini. Nikampata kijijini Mandawa, huko huko Ruangwa. Tumwite Mzee Nandonde. Mikorosho mpaka unachoka kutembea, ufuta, maroli mawili, ghala. Nyumba yake nje haijapigwa lipu, na yeye mwenyewe huwezi kumtofautisha na kibarua wake. Nikasema huyu huyu.

Nilienda kwake mara tatu. Nikamwandalia mpango wa urithi kwenye faili zuri la bluu, mali yote inawekwa chini ya uangalizi wa benki, kisha inaenda kwa wanawe wawili wa kiume. Kwetu Moshi hili halina mjadala, hata kihamba, lile shamba la ukoo, chenyewe kinajua kinaelekea kwa nani.

Kila nikimaliza kueleza, Mzee Nandonde anasema, "Haya, nimekusikia." Mimi nikachukulia amekubali.

Na kila nikienda namkuta bibi mmoja amekaa kwenye mkeka barazani, anabangua korosho. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba, basi. Sikuwahi kuuliza ni nani. Nilidhani ni msaidizi wa pale nyumbani. Niacheni kwanza, tusi lenyewe nimeshajitukana.

Siku ya wageni ikafika. Alikuja Madam mmoja kutoka makao makuu na Mzungu kijana, mpole, aliyekuwa anaandika kila kitu mpaka kuku. Mzee Nandonde alivaa koti. Meza ikatandikwa kitambaa, faili la bluu katikati.

Tatizo likawa picha. Yule bibi na maganda yake ya korosho alikuwa anaingia kwenye picha.

Nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Bibi, naomba usogee kule jikoni kidogo, tunapiga picha."

Akakunja mkeka wake. Akaelekea jikoni.

Mzee Nandonde akavua miwani, akaiweka kwenye mfuko wa koti. "Sasa nasaini na nani?"

"Na mimi hapa, mzee."

"Dada yangu si umemwondoa?"

Wakuu, nilisikia masikio yanawaka moto.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Hiyo mikorosho ya kwanza ilipandwa na mama yao. Yeye ni mjomba, kazi yake ni kuitunza na kuiongeza. Watakaoirithi ni watoto wa dada yake, Bi Paulina, yule niliyempeleka jikoni. Kwa ukoo wao ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo.

Nikaropoka, "Na wanao je, mzee?"

"Wanangu nao wana wajomba zao," akasema.

Nikaenda jikoni mwenyewe kumwomba radhi. Bi Paulina akaniangalia weee, kisha akasema kwa lafudhi ya kwao, "Nkwe, siku zote nadhani huyu karani wa ushirika wa Amcos kaja kuulizia korosho. Kumbe unagawa urithi wetu!"

Akarudi, akakaa kwenye kiti changu, akafungua faili. "Watoto wangu wako ukurasa gani?"

Hawakuwepo. Nikatafuta kwenye fomu ya Ulaya mahali pa kuwaandika. Kulikuwa na kisanduku cha mke, cha mwana, cha binti, cha taasisi ya hisani. Kulikuwa hata na kisanduku cha mnyama wa nyumbani. Cha mpwa hakikuwepo.

Bi Paulina akaniomba nimsomee hicho cha mnyama mara ya pili. "Kwa hiyo mbwa wangu anarithi, ntoto wangu harithi," akasema, akalifunga faili.

Mzungu akataka kujua kinachoendelea. Nilitamani nitafsiri uongo, lakini Madam alikuwa amesimama pale na Kiswahili chake safi. Nikatafsiri yote, hata mbwa.

Basi Mzungu akafurahi kuliko sote. Aliandika kurasa tatu. Tukaondoka na mfuko wa korosho, bila saini.

Baada ya mwezi ripoti yao ikatoka. Eti Ruangwa familia zina mfumo uliokomaa wa kusimamia mali kwa vizazi vingi, kwa hiyo dawati lifunguliwe huko. Nami nikapata barua ya pongezi. Nimekuwa mkuu wa dawati la wateja maalumu, Ruangwa. Mkuu ni mimi na watumishi wote ni mimi. Ile nafasi ya Dar alipewa Madam.

Nikampigia mke wangu. Akauliza, "Ruangwa ni karibu na Dar kuliko Nachingwea?"

Nikasema kidogo.

Kisha akanitumia picha ya fomu ya shule ya mtoto, niangalie kama herufi za majina zimekaa sawa.

Majina yalikuwa sawa. Nikashuka chini, penye mtu wa kupigiwa simu mtoto akipatwa na dharura. Palikuwa na jina la kaka yake mke wangu. Uhusiano: mjomba.

Nikauliza mbona siyo mimi.

"Mtoto akianguka saa nne asubuhi, wewe unafika saa ngapi?" mke wangu akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akaongeza kuwa mwalimu alimuuliza mtoto mwenyewe, na jina la kwanza alilotaja lilikuwa la mjomba wake.

Nikamwandikia kwamba herufi zimekaa sawa.

Nilichojifunza: kabla hujamuuliza mtu ana mali gani, uliza kwanza aliyekaa kwenye mkeka ni nani. Kingine bado najifunza.

Mliowahi kupata uhamisho kwa kumfuata mwenza, nielekezeni barua inaandikwaje. Na ninyi mlio mbali na watoto wenu, nendeni mkaangalie fomu ya shule imeandikwa jina la nani, halafu mrudi hapa mniambie.