Souris ya Landry kwenye matanga ya Mama Nyiransabimana

Nimekaa na Landry Nizeyimana chumba kimoja cha kazi kwa miaka, na mpaka leo sijapata kitu cha kumsifia ila mashati yake, ambayo hupigwa pasi na dada yake. Chumba chetu kiko Birere, mtaa wa hapa Goma, mlango mwembamba kati ya muuza vitenge na fundi wa simu, na pikipiki hupita karibu kutukanyaga vidole. Upande wangu kuna mashine ya fotokopi na kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchapia barua za kuomba kazi. Upande wake kuna kompyuta kubwa anayotengenezea video za harusi. Mimi naitwa Dative. Wateja wakiingia hudhani mimi ni mfanyakazi wake, na yeye hajawahi kuwasahihisha hata mara moja.

Wazazi wake ni wafugaji wa milima ya Masisi, watu wapole wasio na makuu. Walimsomesha informatique, mambo ya kompyuta, wakaamini wamezaa injinia. Walichozaa ni mtu anayefungua bureau, hicho chumba chetu, asubuhi, anavaa vichwa-sauti vikubwa kama masikio ya ndama, halafu anaanza kuwapiga risasi watu wa Bujumbura asiowajua, ndani ya mchezo wa kompyuta. Katika mji huu, ambamo watu wamesikia risasi za kweli mpaka wakachoka kuruka, yeye alikwenda kutafuta za bandia. Video za harusi zilisubiri. Kuna wenzi waliopata mtoto wa kwanza kabla ya kuona picha za siku walipokula keki.

Siku moja binamu yake anayefanya kazi Kigali alimletea souris mpya. Wengine huiita panya ya kompyuta, ila hapa Goma ukisema panya mtu ataangalia chini ya kitanda. Ilikuwa nyeusi, haina waya, na tumboni mwake taa zilibadilika kijani, zambarau, kijani, kama baa ya Jumamosi.

“Dative, shika,” akaniambia. “Shika tu. Iko léger, nyepesi kama yai.”

“Yai linaliwa,” nikamjibu. “Hii inafanya nini?”

“Haina fil! Na si ya bachapaji kama weye. Hii njo ya bachezaji.”

Nisimwonee. Kitu chenyewe kilikuwa na mema yake. Souris yake ya zamani ilikuwa na waya ulionasa kikombe cha chai kila wiki ukakimwaga juu ya meza, na panya wa kweli, wale wa ukutani, walishautafuna sehemu mbili. Hii mpya ilikwenda mkono unakokwenda. Aliweza kuegemea kiti, miguu juu ya boksi, akafanya kazi kutoka mbali. Mshale uliruka kwenye skrini kama panzi. Ingekuwa mikononi mwa mtu mwenye akili, habari ingeishia hapo.

Lakini ilikula chaji kama ng’ombe anavyokula chumvi. Siku za kukosa courant, yaani umeme, nazo hapa hazitafutwi kwa tochi, bwana mkubwa aliyecheka souris yangu ya waya alikuja kuniomba betri yangu ndogo ya kuchajia simu, akachomeka ya kwake kwa kamba fupi, akacheza amejikunja kifua mezani. Kulikuwa pia na kile kidude kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kupokea maagizo ya souris, kidogo kama ukucha. Alikiangusha kila mara. Bibi harusi mmoja alikuja kuulizia video yake akamkuta chini ya meza, makalio juu, akipapasa vumbi la volkeno. Naye hakuinuka. Alimwambia kutoka kule kule chini, “Mama, rudia kesho, tuko na problème technique.”

Kilichompendeza zaidi ni vitufe vya ubavuni. Souris hiyo unaweza kuifundisha: ubonyeze kitufe kimoja, iandike sentensi nzima peke yake, hata ukiihamishia kompyuta nyingine. Mtu mwenye kazi angefundisha anwani yake, au salamu za wateja. Landry alifundisha cha kwanza kuandika: *Umeshakufa, rudi kwenu!* Na cha pili: *Mujinga weye, ujifunze kucheza!* Akishampiga mtu wa Bujumbura anabonyeza, yule mwenzake anasoma matusi hayo kwenye skrini yake. Mtu mzima alikuwa akicheka peke yake, mabega yakitikisika.

Ndipo akafariki Mama Nyiransabimana.

Mama huyo alikuwa mke wa Muzee Hitimana. Walishuka kutoka Masisi vita ilipowafukuza, wakakaa mtaa wa Keshero, na yeye akauza maziwa na jibini kwa wanawake wenzake mpaka magoti yalipokataa. Hakuna nyumba ya watu wa milima yetu hapa Goma ambayo hakuingia na chupa ya maziwa mtoto akizaliwa. Landry mwenyewe, alipokuja mjini kusoma, alilala kwake na kula kwake mpaka alipopata diploma. Neno moja mama huyo hakuchoka kulisema: hataki kuzikwa kwenye mawe meusi ya Goma, anataka kurudi kwao, kwenye udongo mwekundu. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na vita. Tulimzika Goma.

Binti yake, Apolline, alimwita Landry aonyeshe picha za mama kwenye ibada ya shukrani baada ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa la Keshero. Landry alikubali kwa uso wa askofu. Kompyuta yake ilikuwa kubwa mno ya kubeba, kwa hiyo akaazima ile yangu ndogo ya mkononi, akachomeka kidude cha souris yake. Nilimpa kwa sababu ya mama, si kwa sababu yake.

Apolline alikuwa ametunga wimbo. Maneno yake mapya kabisa, juu ya sauti ambayo kwaya iliijua. Watu wengi mle ukumbini walikuwa wamekimbia vijiji bila hata kitabu cha nyimbo, basi maneno yakaandikwa makubwa ukutani kwa projekta, chini ya picha ya mama, kila mtu asome na kuimba. Apolline alisimama mbele kuongoza, uso kwetu, mgongo kwenye ukuta.

Fundi mwingine angekaa kando ya kompyuta. Landry aliketi mstari wa mbele, kati ya wachungaji na wakubwa, souris juu ya paja, akisogeza maneno kwa mbali ili kila mtu aone kwamba hana waya. Aligeuka hata kututazama sisi wa nyuma. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Kwenye wa pili akaingia mheshimiwa mmoja wa shirika fulani, mtu ambaye binti yake alikuwa karibu kuolewa. Landry alimwona. Akainuka katikati ya wimbo wa marehemu, akatia souris kwenye mfuko wa suruali, pamoja na funguo zake, akaenda kumshika mkono mheshimiwa, na kuinama, na kuinama tena.

Alipoinama, funguo zilibonyeza kitufe cha kwanza.

Ukutani, chini ya ubeti wa Apolline, maneno yakajitokeza: *Umeshakufa, rudi kwenu!*

Watu wakaimba. Walikuwa wanasoma na kuimba, nani angejua? Sauti ya kwaya ikayabeba maneno hayo bila kukwaruza: *umeshakufa, rudi kwenu.* Yakajitokeza tena, nao wakayaimba tena, wakidhani ni kiitikio. Wanawake wa Masisi walifumba macho. Mmoja mbele yangu alipiga magoti. Nilimwona Apolline akishtuka, kwa sababu aliwasikia watu wakiimba kitu ambacho hakukiandika, na hakuwa amegeuka bado kuona kinatoka wapi.

Kisha Landry, aliposikia maneno yake mwenyewe yakiimbwa na ukumbi mzima, alitia mkono mfukoni kwa haraka aizime, akabonyeza kile kitufe kingine.

*Mujinga weye, ujifunze kucheza!*

Mstari wa mbele ulianza kuimba, *mujinga we*, ukanyamaza. Mstari wa pili ukanyamaza. Apolline akageuka. Pale ukutani, juu, kulikuwa na picha ya mama yake akiwa na kitambaa cheupe kichwani, na chini yake tusi hilo, halafu mara ya pili, kwa sababu kidole cha yule bwana kilikuwa bado kinahangaika mfukoni.

“Ni virus!” Landry akapiga kelele. “Ni kompyuta ya Dative! Iko na virus!”

Watu wakageuka kunitazama. Niliondoka kwenye benchi, nikatembea mpaka mbele, nikafunga kifuniko cha kompyuta, na ukuta ukawa mweupe. Sikumjibu. Kuna watu ambao kuwajibu ni kuwapandisha cheo.

Katika ukimya huo Muzee Hitimana, ambaye macho yake hayasomi tena hata herufi za ukutani, alimwinamia jirani yake akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

“Juu ya nini banaacha kuimba?”

Jirani akainama kufunga kamba za viatu.

“Ile ya kurudi kwetu,” akasema. “Ilikuwa muzuri sana. Mama yenu alikuwa anasema vile. Muimbe tena.”

Apolline alimtazama baba yake. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akageukia watu, na bila ukuta wala mashine akaanza mwenyewe: *umeshakufa, rudi kwenu.* Sauti yake ilikatika katikati na wanawake wakaidaka. Tuliimba mpaka muzee alipoinua mkono kusema inatosha. Sijawahi kulia hivyo kanisani, na hasira yangu yote kwa Landry ilikuwa palepale ndani ya machozi.

Yeye alikuwa ameshatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi akiipuliza souris kama mtu anayepuliza uji, akitazama kama imekwaruzwa.

Baba yake alipata habari, maana habari hupita hata barabara zilizofungwa, akamwamuru kwa simu aende kuomba msamaha. Alikwenda baada ya kuambiwa mara tatu, na aliniomba nimsindikize kwa kuwa aliogopa. Muzee Hitimana alitupokea kwa chai ya maziwa. Hakuwa na kinyongo. Alitaka tu kushika hicho kitu kilichofanya mambo yale.

Akakigeuza mikononi. “Mukia iko wapi?”

“Haina, muzee,” Landry akasema, na uso wake ukawaka. “Hiyo njo faida yake. Inafanya kazi hata ukiwa mbali, haikamate ku kitu, iko léger, betri yake...”

Akaendelea. Alieleza kasi yake, alieleza taa, alieleza vitufe, chai ikapoa, ngozi ikatanda juu. Neno samahani lilibaki Birere. Mwishoni muzee alimrudishia kitu chake.

“Panya bila mukia,” akasema, “siku ikikimbia utaikamatia wapi, mutoto wangu?”

Landry alicheka kwa adabu. Njiani aliniambia, “Umeona? Muzee ameipenda.”

Sasa kwaya ya Keshero huuimba wimbo ule kila mtu wa milimani anapozikwa huku mbali na kwao, pamoja na mstari ule. Na Landry, aliyeisingizia kompyuta yangu mbele ya kanisa zima, siku hizi huwaambia wateja: “Ile verset ni yangu. Mimi njo niliandika.” Anasema hivyo bila kupepesa jicho. Virusi vimesahaulika.

Wiki iliyopita Apolline alikuja bureau nimchapie maneno ya wimbo kwenye karatasi, ya kugawia makanisa mengine. Aliketi upande wangu, akanisomea polepole, mimi nikachapa. Tulipofika mwisho Landry alishusha vichwa-sauti vyake shingoni.

“Apolline, uweke jina yangu hapo chini. Kwa ile mustari.”

Apolline hakukasirika. Alimgeukia kwa upole ule ule aliokuwa nao mama yake akimimina maziwa.

“Landry, hiyo maneno ulikuwa unamwandikia nani?”

Alifikiri. Naapa, alifikiri kweli.

“Mutu moja wa Bujumbura,” akasema.

“Basi umwambie yeye akuwekee jina.”

Akanigeukia na kuniomba nakala nyingine kumi, herufi kubwa kidogo kwa ajili ya wazee. Mashine ya fotokopi ikaanza kunguruma. Landry alirudisha vichwa-sauti masikioni, taa za kijani na zambarau zikawaka chini ya mkono wake, naye akaendelea na vita vyake.